Handaki Chini ya Tembe la Bi Amne

Bi Amne aliizima koroboi kwa pumzi yake mwenyewe, kisha akalalamika kwamba upepo umeizima. Chini ya ardhi hakuna upepo, lakini alitaka giza, na giza akalipata.

"Usiogope, mama," alisema. "Kiberiti nimekiacha juu. Tusonge hivyo hivyo, tuko karibu kufika mwisho."

"Siogopi," Bi Mwanamkuu alijibu. "Tangulia."

"La, wewe ndiye mgeni. Tangulia wewe."

Walikuwa wakitarajiwa kuwa wakwe. Lukumani, mtoto pekee wa Bi Amne, alikuwa amemposa Swaumu, mjukuu wa Bi Mwanamkuu wa mtaa wa Mtendeni, tena alikwisha kumwambia mama yake wazi: akimkosa binti huyo atapanda treni ya Kigoma, na Tabora hairudii tena. Bi Amne alimwamini, na usingizi ukamtoka. Lakini kumkubali mtu asiyejulikana alikotoka nako kulimshinda.

Binti hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa bibi yake. Ukimwuliza Bi Mwanamkuu baba yake alikuwa nani, naye atakuuliza watoto hawajambo. Ukimwuliza alikulia wapi, atasema, "Hapa hapa Tabora," halafu ataanza kuusifu mchuzi wako.

Waingereza walikuwa wametangaza kwamba utumwa umekwisha. Tangazo lilisomwa hadharani, watu wakapiga makofi, kisha kila mmoja akarudi kwake kuchunguza mababu wa jirani. Katika kazi hiyo mtaa mzima wa Ng'ambo haukuwa na mtu wa kumfikia Bi Amne. Yeye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuja na misafara kutoka pwani, na hukupita barazani kwake bila kukumbushwa.

Tembe lenyewe marehemu mumewe alilinunua kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya hilo handaki. Zamani za misafara, waliotekwa bara walifungiwa humo wakingoja kupelekwa pwani, na wengi hawakuiona hata hiyo safari. Majirani walisema kunasikika minyororo. Wengine walisikia mwanamke akimbembeleza mtoto. Bi Amne mwenyewe hakuwahi kusikia kitu, ila hakupenda kushuka.

Leo alishuka kwa sababu. Wazee wa upande wa mke walikuja kuiona nyumba atakayokaa binti yao. Wanaume aliwaacha barazani na kahawa yao, pamoja na Omari mshenga, wakingoja jibu. Kisha akamshika mkono Bi Mwanamkuu, akamwambia, "Na huku chini uone, mama, usije ukasema nilikuficha kitu."

Mbele yao, gizani, boriti moja ilikuwa imening'inia usawa wa paji la uso. Hakuna aliyeingia asiigonge. Fundi wa ukuta aliigonga. Marehemu aliigonga, akatukana. Bi Amne mwenyewe, pamoja na kukaa nyumba ile tangu zama za Mjerumani, bado aliitafuta kwa mkono kwanza.

Akasimama kusikiliza. Miguu ya kizee ilikwenda taratibu, bila kupapasa. Badala ya kishindo alisikia magoti yakilia, nguo ikikwaruza ukuta, kisha miguu ikaendelea upande wa pili.

Moyo wa Bi Amne ukamruka kwa furaha.

"Umeinama," alisema.

Miguu upande wa pili ikasimama.

"Hujapata kuingia nyumba hii tangu niijue, wala sikukwambia kuna boriti. Umejuaje?"

"Mgongo haujasahau," Bi Mwanamkuu alisema, tena kwa huzuni.

"Basi umekiri. Ulifungwa humu. Mimi mwanangu sitamwoza mjukuu wa mtumwa. Napanda juu sasa hivi nimwambie Omari mbele za watu wote, kila mtu ajue nimekataa nini."

"Usilitamke neno hilo mbele za watu, Amne. Nakuomba, na siombi kwa ajili yangu."

Bi Amne akacheka. Alikwisha kugeuka, mkono ukitafuta njia ya kutokea.

"Subiri," Bi Mwanamkuu alisema. "Mfungwa aliingizwa humu mara moja, akatolewa mara moja, kama alitolewa akiwa hai. Boriti ataijulia wapi? Anayeijua ni mtu wa kuingia na kutoka. Tembe hili lilikuwa la baba yangu. Yeye alikuwa na ufunguo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaletea uji. Ndiyo maana simtaji."

Bi Amne alisimama hapo hapo. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Lukumani hatakwenda Kigoma. Mkwe si mtumwa, ni mtoto wa mwenye nyumba.

"Kumbe ninyi waungwana!" alisema. "Na ulikuwa ukificha hilo miaka yote? Hilo nalo ni la kuficha, mama? Twende juu, Omari apewe jibu lake, watu wanywe sharubati."

Alimrudia, akamshika mkono ili amwongoze. Kizee hakuvutika, na hapo shaka ya siku zote ikamrudia Bi Amne.

"Lakini umesema huombi kwa ajili yako. Ulikuwa ukimwombea nani?"



"Mara ya mwisho nilipoinama hapa nilikuwa nimebeba mtoto mchanga," Bi Mwanamkuu alisema. "Mama yake alikuwa amekata roho hapo uliposimama, na pingu miguuni. Nilimtoa kwa siri, nikampa mke wa mfanyabiashara wa vitambaa, maana hakuwa na uzazi. Akampenda sana. Akamwita Amne."