Matone ya Wifi

Hata watoto waliijua sheria: dawa ya kuzuia kutu ya mwili, ile iletayo uzee, ni tone moja kila asubuhi, na atakayekunywa la mwenzake hadi moto unaozipa nguvu chembe hai za mwili wake ukafifia, atalishwa kwa mkono wa mwenzake huyo mbele ya jamaa.

Yustina aliijua. Lakini Filomena, mke wa kaka yake, hakuwa na kunyanzi hata moja usoni, na wivu haulali. Yustina akawa anayanywa matone ya wifi yake pamoja na yake. Uso ukalainika; mikono ikashindwa kuinua mwiko.

“Wifi, umependeza kama bibi harusi,” alisema Filomena siku ya adhabu, mbele ya jamaa, akimega tonge. “Haya, fumbua kinywa. Matone yale mimi sikuyagusa kamwe, hata kabla hujaanza kuyanywa.”

Jamaa wakacheka. Yustina akameza. Ndani yake, chembe zilikwisha kuhisi moto unazimika, nazo zilikuwa zikiivunja protini iliyoufunga mlango wa tanuri la ndani yao, ili moto uwake tena. Wivu peke yake ndio uliokosa wa kuuvunja.

“Tonge la mwisho hilo,” alisema Filomena, akimpangusa midomo. “Adhabu umeimaliza.”

Yustina alishukuru kwa adabu, macho yake yasibanduke kwenye shavu lile laini la wifi yake.