Tonge la Matanga

Nassibu alishusha magunia mawili ya unga matangani, na wafiwa wakambariki. Siwema ndiye aliyepewa mwiko asonge ugali. Miaka minne alikuwa kibarua kwenye mashine ya Nassibu, akiosha mahindi yaliyoota ukungu na kuyaanika upya yasagwe. Mtoto wa matanga haya, aliyelishwa unga huo, alivimba tumbo, macho yakawa manjano, akafa. Barua ya kumshtaki Nassibu kwa bwana afya ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya Siwema siku ya tatu sasa.

Nassibu akasogea jikoni.

"Siwema, unga wangu unaujua kuliko wote hapa. Hebu onja, uwaambie wenzio."

Wanawake wakamgeukia. Siwema akakata tonge, akameza.

"Mtamu," akasema.

Nassibu akacheka kidogo, akaenda kukaa na wanaume.

Mwanaidi, mama wa marehemu, akajikokota kutoka ndani. Tangu mazishi hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Dada, kama wewe umekula, na mimi nitakula. Nilishe, mikono haina nguvu."

Siwema akafinyanga tonge jingine. Pindo la kanga lilikuwa limelowa jasho. Mwanaidi akafumba macho, akaachama, akangoja.