Punje Tatu Kila Asubuhi

Zebaki ilipotulia kwenye mia moja arobaini, Moraa, muuguzi wa miaka mingi, hakuamini macho yake. Akapima tena. Mwezi uliopita, Januari ya 1973, presha ya jirani yake huyu, sonara wa Kihindi aliyehama Kisumu na kuhamia Hockley, mtaa wa masonara huko ughaibuni, ilikuwa mia moja tisini.

"Kitunguu saumu, sista!" mzee akashangilia, akimpulizia harufu yake usoni. "Punje tatu kila asubuhi. Ubaya wake ni mmoja tu: imeniua ulimi. Mwezi mzima sisikii ladha ya chakula. Lakini presha imeshuka, basi kesho naacha."

Jikoni, mkewe aliacha kukoroga.

"Leo hutoki hapa bila kula," mzee akasema, naye mama akaleta dengu na chapati bila kumtazama mgeni.

Moraa akamega, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna polepole. Tangawizi ilikuwemo, bizari ilikuwemo, dania pia. Chumvi haikuwemo hata chembe.

Akainua macho. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, kidole juu ya midomo.

"Wewe ulimi yako ni mzima," mzee akasema. "Niambie ukweli. Mboga iko namna gani?"

Moraa, ambaye kwao chakula kisicho na chumvi hurudishwa jikoni, akameza.

"Imekolea barabara, mzee. Na hivyo vitunguu usithubutu kuviacha."

Akasukuma sahani mbele, aongezwe.