Zamu ya Jumapili

"Marehemu hafui nguo, Torgny!" Majvor alikuwa amefika mlangoni, mikono kiunoni. "Mbona kila Jumapili zamu iko kwa jina lake? Sisi wenye pumzi tukafulie wapi, mtoni?"

Torgny alisimama kizingitini na soksi mguu mmoja. "Si mimi ninayeiweka," alisema. "Ni kompyuta."

"Kompyuta ina mashuka?"

Mlango wa ghorofa ya juu ulifunguka kidogo, kisha wa chini. Katika jengo lile la mjini Norrköping watu waliweza kupanda lifti moja miaka kumi bila salamu, lakini ugomvi wa chumba cha pamoja cha kufulia hakuna aliyekubali kuukosa aje asimuliwe.

"Na jitazame ulivyo!" Majvor aliendelea. Aproni yake ilikuwa nyeupe pe, imenyooshwa kwa pasi. "Shati hilo umelivaa tangu lini? Umekula leo?"

"Nimekula."

"Mwongo mkubwa we! Nikilikuta tena jina lile ubaoni nitarudi hapa, na jengo zima litanisikia."

"Limeshakusikia."

"Basi litasikia tena!" Akageuka, mitalawanda yake ya mbao ikagonga sakafu ko-ko-ko mpaka mlango wake wa jirani, akaubamiza.

Torgny akaufunga wake. Hakuwa na hasira. Tangu mkewe Ingegerd afariki hakuwa na kitu chochote. Alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake, akaamka akaushika, akaona kama ni wa mtu mwingine.

Si kwamba watu hawakujaribu. Kasisi alibisha hodi mpaka akachoka. Dada yake Ingegerd aliacha sufuria ya supu mlangoni, ikaganda. Hata Majvor, wiki ile ya mazishi, alikuja na pai ya tufaha, akarudi nayo. Mlango ule haukufunguka kwa mtu, mpaka siku Majvor alipoanza kulitaja jina la Ingegerd kwa kelele kwenye ngazi.

Aliketi mbele ya kompyuta, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Ndilo lililomlisha miaka yote. Kazi yoyote aliyoifanya mara mbili, ya tatu aliiandikia amri, mashine ikaifanya yenyewe. Alikuwa na amri ya kupanga picha kwa tarehe, ya kulipa umeme, ya kufuta barua za matangazo. Na hii.

Hii aliiandika kando ya kitanda cha mgonjwa, wakati mashuka yalipokuwa hayatoshi tena. Zamu za kufulia hugombewa kuliko urithi. Basi kila mara kalenda ya zamu za jengo ilipofunguliwa, ile mistari michache iliingia, ikaandika Ingegerd, Jumapili, asubuhi, ikatoka, kabla jirani yeyote hajatafuta miwani yake.

"Mashuka umeyaandikia programu," Ingegerd alimwambia siku ile, akicheka kwa sauti iliyobaki. "Mimi barua uliniandikia lini?"

Na sasa jina lake lilikuwa limeshaondolewa benki, likaondolewa kwenye bili, mwenye nyumba akaja akalibandua mlangoni. Lilibaki tu kwenye ubao wa chumba cha kufulia, unaoandikwa na kompyuta, na kila wiki lilitokea upya. Kuifuta mistari ile ni kumzika mara ya pili, tena safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Vikombe kabatini vilianza kutetemeka, kama vilivyozoea. Tramu inapita barabarani, alifikiri. Akavisikiliza mpaka vikanyamaza.

Majvor naye alikuwa na haki, mtu hawezi kukaa na nguo chafu kwa sababu ya mfu. Torgny akaandika amri ya kufuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza herufi moja tu. Hakuona machozi, hakuona afueni. Kwenye kioo kulibaki mstari mtupu na kishale kinachopepesa.

Jumapili iliyofuata alijikuta ameketi kwenye kiti cha viatu, karibu na mlango. Saa ya ugomvi ikaja, ikapita. Hakusikia mitalawanda. Kimya kile kilianza kumkera, na huko kukereka kulimshangaza, maana alikuwa amesahau kukoje.

Akashuka chini kwenye chumba cha kufulia.

Taa zilikuwa zimezimwa. Mashine zote zilikuwa wazi, kavu, hata harufu ya sabuni hakuna. Akautazama ubao. Jumapili, asubuhi: nafasi iko wazi.

Kitu cha moto kikampanda kifuani. Alizipanda ngazi mbilimbili, akaugonga mlango wa Majvor kwa ngumi.

"Miezi yote hii umenisimanga!" alifoka kabla mlango haujafunguka sawasawa. "Nimelifuta jina la mke wangu kwa ajili yako wewe! Nashuka chini, hakuna hata soksi! Ziko wapi nguo zako chafu? Nionyeshe!"

Ghorofa ya juu mlango ukafunguka kidogo, kisha wa chini.

Majvor alisogea pembeni. Nyuma yake, jikoni, kwenye ukuta wa upande wa Torgny, mashine ya kufulia ilikuwa inazungusha mashuka kwa kishindo, sahani mbili zikitetemeka mezani. Ilikuwa mashine kuukuu, yake mwenyewe. Kifuniko chake kilijaa alama za duara za vikombe vya kahawa, moja juu ya nyingine, za miaka na miaka.

"Umechelewa," alisema. "Ingia, viazi vinapoa."