Akaunti ya Mtoto

Siku hizi kumbukumbu ya kupandikizwa ikikosa masasisho ya usalama, sheria inataka izimwe. Ya mwanangu Kobelo, aliyowekewa kichwani baada ya homa ya utotoni kumharibia ubongo, muda wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Kila nilipomwandikisha aongezewe muda, simu iligoma: “Akaunti ya mtoto hairuhusiwi.”

“Mama, nina ndevu!” Kobelo alicheka. “Mtoto yuko wapi hapa?”

Kosa langu. Akaunti nilimfungulia mimi akiwa chekechea, nikajiandika mlezi, na sikuibadilisha tena. Nikampigia mhudumu wa kampuni ya kumbukumbu hizo.

“Rahisi tu, mama. Mwondoe kwenye akaunti ya familia, kisha ajiandikishe mwenyewe.”

Swali likatokea kwenye simu: *Unathibitisha kuwa huyu si mtoto wako tena?* Jamani, nani husoma maneno ya simu mpaka mwisho? Nikabonyeza Ndiyo. Laiti ningesoma mara mbili.

Kobelo alijilaza kwenye kochi, masasisho yakaingia bila shida. Alipofumbua macho, akaniona nimesimama na kikombe chake cha chai, akainuka kwa adabu ileile niliyomfunza mwenyewe.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Unamtafuta nani?”