Pombe ya Baba

"Toka relini, mzee," askari alimwambia kwa mara ya tatu. "Leo garimoshi la kwanza linaingia Dodoma, na Wajerumani wanatutazama."

Mbijima hakutoka. Alikuwa ameshika kibuyu cha pombe ya mtama. "Hapa palikuwa zizi langu. Baba yangu yumo humu chini. Nilimweleza akida wao, akataka nimwonyeshe kaburi."

"Ukamwonyesha?"

"Nimwonyeshe nini? Sisi baba tunamzika zizini, ng'ombe wapakanyage mpaka pasijulikane. Yeye aliona samadi tu."

Firimbi ya garimoshi ililia. Watu waliopangwa kando wakaanza kupiga makofi.

Mbijima akammiminia baba yake. Pombe ilitiririka juu ya chuma, ikapotelea kwenye mawe, udongo usiambulie hata tone.

Akapiga magoti, akaanza kuyafukua mawe kwa mikono.