Namba Ndani ya Kabati

Ndani ya mlango wa kabati la mabakuli kulikuwa na safu ya namba zilizoandikwa kwa penseli. Sita. Saba na robo. Nane na nusu. Kila waliporudi kutoka kliniki ya macho, Mama Tae-gyu aliongeza moja, akafunga kabati, ndipo akavua koti.

Zilikuwa namba za miwani ya Ui-jun, mwanawe wa pili. Mtoto alianza kutoona mbali akiwa darasa la sita, na tangu hapo kila mwaka vioo vilizidi unene. Mtaa mzima ulimwita yule mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kulibadilisha hata baada ya Tae-gyu kurudishwa kutoka kambi ya mpakani akiwa majivu ndani ya kasha lililofungwa kitambaa cheupe. Zilikuwa zimebaki siku arobaini amalize muda wake wa jeshi, ambao kila kijana mzima wa mwili hulazimika kuutumikia.

"Unamtia dawa kila usiku?" daktari alimuuliza tena. Ui-jun alikuwa na miaka kumi na sita, na namba imefika kumi na moja.

"Kwa mkono wangu mwenyewe, Daktari. Sijakosa hata siku moja."

"Na wewe kijana, jua linakuumiza?"

"Hapana."

Daktari alikuna kichwa. "Wenzako wote ninaowapa dawa hii hawatoki bila kofia, mwanga unawachoma. Wewe una macho ya chuma?" Akaandika dawa kali zaidi. Hakuwaficha kitu: jicho linarefuka, na ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha inavutika. Siku moja inaweza kuchanika. "Atoke nje, Mama Tae-gyu. Masaa mawili kila siku, mchana. Vitabu vipumzike."

"Sawa, Daktari."

Lakini mama gani wa Wonju, au wa mji wowote wa Korea, atamtoa mtoto mezani akacheze juani, na mtihani wa chuo uko mlangoni? Njiani alimnunulia kitabu kingine cha hesabu, chenye maandishi madogo kama chawa. Hakuna jirani aliyeshangaa. Wengine walimwonea wivu kwa bidii yake.

Ui-jun aliogopa, na hakuona haya kusema. Aliacha mpira wa miguu, alioupenda kuliko chakula, kwa kuwa mpira mmoja wa kichwa ungetosha kuichana ile ngozi. Mara nyingine alifumba macho na kujizoeza kwenda msalani kwa kupapasa ukuta. Mama alimsikia akihesabu hatua, akauma mkono wa blauzi yake asije akatoa sauti.

"Leo Byung-ha wa darasani kaniita Kitako cha Chupa," alisema siku moja wakila, akijilazimisha kucheka. "Eti jeshini nitamlipua kamanda nikidhani ni adui. Bora wanipe ufagio tu."

"Kunywa supu, inapoa."

"Mama, nikipofuka utanisomea?"

"Nitakusomea."

"Hata katuni?"

"Hata hizo takataka zako."

Kabla ya kulala aliweka kichwa mapajani mwa mama yake, miguu mirefu ikipita mwisho wa godoro, akainua uso. Tone moja kulia, tone moja kushoto. Dawa haikuwasha. Ilishuka taratibu mpaka kooni na kuacha ladha ya chumvi.

"Unadhani inasaidia kweli?"

"Vumilia, mwanangu," alisema mama, akimpangusa shavu. "Bado kidogo."

Barua ya kumwita akapimwe afya kwa ajili ya jeshi ilifika alipotimiza miaka kumi na minane. Wiki hiyohiyo walikwenda kliniki. Daktari alimpima mara tatu, kisha akaweka kalamu chini.

"Kumi na tatu na nusu," alisema. "Mnisamehe. Nimejaribu kila kitu." Akatafuta la kuwafariji, akalipata hilo tu: "Hiyo barua angalau isiwasumbue. Kwa macho haya hawamchukui hata kufagia."

Ui-jun alifunika uso kwa viganja. Mama yake alilia kwa sauti hadi muuguzi akaja na maji.

Nyumbani aliandika kumi na tatu na nusu ndani ya kabati, akapiga mstari chini yake. Alisubiri hadi aliposikia Ui-jun amefungulia maji bafuni. Ndipo akafungua friji ya kimchi, ile ya mboga za kuchachusha, na kusogeza ndoo ya figili. Nyuma yake zilipangwa chupa za dawa za miaka sita, hakuna hata moja iliyokatwa lakiri. Akaongezea hapo ya leo, akasita, akairudisha mkononi. Ile chupa kuukuu ya kila siku aliimimina kwenye sinki, yakatoka maji yaliyochemshwa na chumvi. Kisha akakata lakiri ya chupa mpya.

"Njoo, mwanangu. Lala hapa."

Asubuhi Ui-jun alikuja jikoni kutafuta kifungua kinywa, akasimama ghafla mlangoni, kiganja kikiwa juu ya macho.

"Mama," alisema, "mbona leo jua linaniumiza?"